Ng'ombe Chini ya Minazi



Majuma matatu yaliyopita tulipokea ujumbe kutoka kwa kina mama wa kikundi kimoja cha kuweka akiba, upande wa Takaungu. Mama hao kumi na wanne wamekuwa wakichanga kila Ijumaa kwa zaidi ya miaka miwili, na sasa fedha za kununua ng'ombe wawili wa maziwa zimetimia. Swali lao lilikuwa fupi: wanunue ng'ombe wa aina gani? Nasi, kabla ya kuwajibu, tuliwauliza swali jingine: ng'ombe hao watakula wapi? Tukaambiwa kwamba mashamba yapo, tena matatu, yote ya jamaa zao, yote yana miti na majani chini yake, na wenyewe wameridhia. Tukawaomba wasitoe hata shilingi moja mpaka tuyatembelee pamoja.

Tuna sababu ya kuwa waoga katika jambo hili. Miaka ya nyuma, nyumbani kwetu, mkufu wa dhahabu wa mama yetu uliuzwa ili kununua ng'ombe wa maziwa, mtamba mwekundu mwenye mimba yake ya kwanza. Tulimchunga bondeni, kando ya kichaka, kwa kuwa hapo ndipo palipokuwa na majani mabichi kuliko kwingine kote wakati wa kaskazi. Masika hayakumalizika naye. Alianza kwa kuvimba tezi za chini ya masikio, akashikwa na homa, akawa ahema kwa shida, na siku ya kumi hakuinuka. Wako waliosema ni kijicho. Wengine walimlaumu aliyetuuzia. Sisi leo twasema kwamba tulimpeleka penye majani mabichi bila kujiuliza kwa nini yalikuwa mabichi, na ni nani mwingine aliyekuwa akiishi humo.

Basi tuanze na ardhi yenyewe. Pwani yetu, tangu Mtwapa hadi Malindi na kuvuka mto Sabaki, haina udongo wa namna moja. Mwenye kutoka ufuoni akaelekea machweo huanza juu ya mwamba wa matumbawe, ambao zamani za kale ulikuwa chini ya maji ya bahari, na udongo uliolala juu yake ni mwembamba. Nyuma ya mwamba huo huja mchanga: kwanza mweupe na wa kijivu, kisha vilima vya mchanga mwekundu ambao wataalamu wa miamba waliuita kwa jina la Magarini, kwa kuwa ndiko unakoonekana vizuri. Mbele zaidi mna udongo mzito wa mfinyanzi, uliotokana na tope la kale lililogandamana likawa jiwe, na juu ya huo husimama vilima vya mawe ya mchanga. Mvua nayo hupungua kadiri mtu anavyoipa bahari kisogo. Ukanda wa ufuoni hupata kiasi cha milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka. Mtu akifika Bamba amebakiwa na karibu nusu ya hizo. Ndiyo maana mnazi hutawala karibu na bahari, ukafuatwa na mkorosho, kisha vichaka vya migunga.

Haya si elimu ya vitabuni tu. Ng'ombe huyajua yote kwa kwato na ulimi wake, na kwa hakika huyajua mapema kuliko sisi. Mtu akimwacha huru shambani akamtazama tangu alfajiri hadi magharibi, atamwona akila kwa bidii asubuhi na jioni, na jua likipanda husimama kivulini akicheua. Hapendi kupanda mteremko mkali, wala hapendi kwenda mbali na maji. Kwa hiyo majani ya karibu na kisima hutafunwa hadi mizizini, na yale ya pembe ya mbali hukomaa yakawa vijiti asivyovitaka mtu. Tena, ale atakapokula, samadi yake nyingi huidondosha pale anapopumzika. Kila siku huchukua rutuba ya shamba zima akaiweka chini ya mwembe mmoja. Mwembe ule hunenepa. Shamba lililobaki hukonda.

Mti wenyewe nao wabadilisha kilicho chini yake. Mnamo mwaka 1989 wataalamu walichapisha uchunguzi walioufanya Tsavo Magharibi, chini ya migunga na mibuyu, miti tuijuayo sote. Waliona kwamba chini ya matawi udongo una joto dogo na rutuba kubwa kuliko uwanjani, na majani yaliyoota hapo yalikuwa mengi zaidi. Lakini asije mtu akadhani kwamba kila kivuli ni neema. Pale Tsavo ni nchi kavu, na jua ndilo adui. Huku ufuoni, chini ya mkorosho mkubwa uliotandaza matawi hadi chini, hapaoti kitu isipokuwa majani makavu ya mkorosho wenyewe.

Shamba la kwanza tulilotembelea liko juu ya matumbawe, hatua chache kutoka baharini. Minazi yake ni ya zamani, mirefu, iliyopandwa na babu wa mwenye shamba. Kina mama walilipenda mara moja, na kwa kiasi fulani walikuwa na haki. Mnazi una umri wake katika habari ya nuru. Ukiwa mchanga, katika miaka mitano hivi ya mwanzo, nuru ni tele chini yake, lakini makuti yako usawa wa mdomo wa ng'ombe, naye haachi. Baada ya hapo vichwa vya minazi hukutana, kivuli huwa kizito, na majani hudhoofika kwa miaka mingi. Ukishapita kiasi cha miaka 25, mnazi umerefuka, nuru yapenya tena, na ukoka hurudi. Shamba hilo la babu lilikuwa katika hali hii ya tatu. Vivuli vyembamba vilitembea juu ya majani siku nzima bila kukaa mahali pamoja. Upepo wa bahari hupunguza nzi, na ardhi ya matumbawe haifanyi matope, hivyo kwato hazizami hata mvua ikinyesha wiki nzima.

Mmoja wetu alichukua jembe akachimba. Lilizama kiasi cha shibiri moja, kisha likalia juu ya jiwe. Akachimba pengine, likazama zaidi. Pengine, halikuzama kabisa. Hiyo ndiyo tabia ya matumbawe: udongo hukaa mifukoni. Penye mfuko mnazi hushiba, na pasipo mfuko hata ukoka huungua wiki mbili baada ya mvua kukatika. Shamba la namna hii lina chakula cha ng'ombe tangu masika hadi katikati ya kusi, likapata kidogo tena wakati wa vuli. Kaskazi ikifika, Januari na Februari, huwa ni uwanja wa vumbi wenye minazi.

Kisha tukaonja maji ya kisima. Yalikuwa na chumvi, si kali, lakini ya kutosha kukunjisha uso. Visima vya karibu na bahari hutegemea maji ya mvua yaliyoelea juu ya maji ya bahari ndani ya mwamba. Yakitekwa kwa wingi, yale ya chini hupanda. Ng'ombe wa maziwa katika joto letu hunywa lita 50, 60 na zaidi kwa siku. Wawili ni zaidi ya lita 100, kila siku, kutoka katika kisima ambacho nyumba tatu tayari zakitegemea. Mama mmoja, mkubwa wao, alinyamaza muda, kisha akasema: "Wanangu, tutakuja gombana na majirani kwa ajili ya maziwa."

Shamba la pili liko ndani kidogo, kwenye mchanga wa kijivu, lenye mikorosho na miembe iliyoachana, na minazi michache. Majani yalikuwa marefu, yakifika magotini, na kina mama walifurahi tena. Mchanga, hata hivyo, ni mkarimu kwa wote bila kuchagua: mvua hupita ndani yake haraka, na ipitapo huchukua rutuba kuipeleka chini, mbali na mizizi mifupi ya majani. Majani yatokayo humo huwa mengi baada ya mvua, nayo hukomaa upesi yakawa makavu na maskini. Ng'ombe hujaza tumbo na maziwa hayaji. Wengi wetu tumewaona ng'ombe wa aina hii mwezi wa Agosti, tumbo kubwa na mbavu zahesabika, na mwenyewe haelewi.

Dawa ya mchanga ni samadi, na samadi humfuata ng'ombe. Kama tulivyokwisha kusema, ukimwacha ataitia yote chini ya mwembe mmoja. Hivyo kamba na kigingi vina kazi nyingine zaidi ya kumzuia asikimbie. Ahamishwe, leo hapa, keshokutwa pale, na mahali alipolala usiku kadhaa paachwe pakapumzika. Wafugaji wa bara walijua zamani kwamba penye zizi lililohamwa huota majani matamu kuliko kwingine, na wanyama wa porini hulijua hilo pia. Vivyo hivyo na vichuguu: mchwa huleta udongo wa chini juu, na mara nyingi majani ya kando ya kichuguu huwa ya kijani wakati mengine yamekufa. Mwenye kununua shamba la mchanga na avitafute vichuguu.

Lakini hapa twatoa onyo kwa wenye minazi, kwa kuwa hatulisikii likitajwa sana. Samadi ikirundikwa mahali pamoja ikaachwa ioze, humlea chonga, yule mdudu mweusi mwenye pembe ambaye hutoboa kilele cha mnazi. Mabuu yake hupenda magogo ya minazi yaliyooza na marundo ya samadi. Tuliona rundo kama hilo katika shamba la pili, la mbuzi wa mwenye shamba, limekaa chini ya minazi minne. Na makuti ya minazi hiyo yalikuwa yamekatika pembe tatu, kama yaliyokatwa kwa mkasi. Hiyo ndiyo alama yake. Samadi itandazwe ikauke, au ifukiwe, au ipelekwe kwenye mihogo.

Shamba la tatu ndilo lililotutia huzuni, kwa kuwa lilifanana na bonde la ng'ombe wetu. Liko chini, kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kando ya kijito ambacho hukauka kikabakiza vidimbwi. Lina miembe, minazi kwenye kingo za juu, na kichaka kizito upande mmoja. Tulifika wakati wa jua kali, na majani yake yalikuwa ya kijani. Udongo wa mfinyanzi hushika maji na kuyatoa kidogo kidogo. Tena una rutuba, hivyo majani yake huwa na nguvu kuliko yale ya mchangani. Yeyote angemwambia ng'ombe aende huko.

Mambo manne yatazamwe katika bonde la namna hii. Kupe hupenda unyevu na majani marefu, na kupe wa masikio ndiye aletaye ndigana kali, ule ugonjwa uliotuua mtamba wetu. Ugonjwa huu kwa Kiingereza huitwa homa ya pwani ya mashariki, yaani pwani hii yetu: mwanzoni mwa karne ya 20 uliwaua ng'ombe wengi sana kusini mwa Afrika, na ikasemekana uliletwa na ng'ombe waliosafirishwa kwa meli kutoka huku. Jambo la kutia moyo ni kwamba iko chanjo yake, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Muguga karibu na Nairobi, nayo huchanjwa mara moja tu katika maisha ya ng'ombe. Sisi hatukuijua wakati ule. Jambo la pili ni mbung'o, ambao hukaa katika vichaka vyenye kivuli kizito, na Arabuko-Sokoke si mbali nasi. Ng'ombe anayechungwa ukingoni mwa msitu huumwa zaidi kuliko anayechungwa uwanjani. La tatu ni konokono wa vidimbwi, wabebao mnyoo wa ini. La nne ni kwato zenyewe. Mfinyanzi ukilowa, ng'ombe mmoja mzito huukanyaga ukashikamana kama sakafu; jua likija hupasuka, na msimu unaofuata majani hayana pa kuingizia mizizi. Mchanga husamehe kukanyagwa. Mfinyanzi hausamehi.

Kwa hiyo shamba la tatu ni hazina wakati wa kaskazi na hatari wakati wa masika, na la kwanza ni kinyume chake. Tulipowaeleza kina mama haya, mmoja wao, ambaye mumewe ni mtu wa Garsen, alicheka akasema kwamba shemeji zake wangetuambia bila kuchimba hata shimo moja. Alisema kweli. Wafugaji wa Kiorma tangu zamani hupeleka ng'ombe wao katika mabonde ya Tana wakati wa kiangazi na kuwatoa mvua inyeshapo, maji na magonjwa yajapo. Wao hawamlazimishi ng'ombe kukaa mahali pamoja mwaka mzima kisha wakalaumu kijicho.

Sasa, ng'ombe wa kienyeji aweza kutembea. Ng'ombe wa maziwa wa mchanganyiko akitembezwa mbali juani hurudi na kiu, na maziwa yameachwa njiani. Hapo ndipo watu wengi husema: basi na akae zizini, aletewe majani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mtwapa kilifanya kazi kubwa juu ya njia hiyo tangu miaka ya 1980, kikifundisha kupanda nepia pamoja na miti ya malisho kama lusina, ambayo majani yake yana nguvu ya kuongeza maziwa. Lusina ni mti mzuri, japo mwaka 1992 mdudu mgeni aliingia pwani akainyonya machipukizi. Tena haifai kuwa chakula chote cha ng'ombe, kwa kuwa ina sumu ndogo ikizidi. Isizidi theluthi moja.

Sisi twaikubali njia hiyo, lakini twauliza: ni nani atakayebeba? Ng'ombe mmoja wa maziwa ahitaji kilo 50 hadi 70 za majani mabichi kwa siku. Katika vikao vingi tulivyohudhuria, hesabu hii hufanywa na wanaume, na mzigo hufika kichwani mwa mwanamke. Ikiwa nepia itapandwa bondeni na zizi likajengwa ufuoni, mzigo huo utapandishwa mteremko kila asubuhi, na binti mmoja atachelewa shule au madrasa. Umbali na mwinuko kati ya udongo wenye majani na zizi lenye ng'ombe ni sehemu ya bei ya maziwa, ingawa haumo katika daftari.

Mteremko una habari nyingine. Katika shamba la tatu tuliona njia ya mbuzi iteremkayo kijitoni moja kwa moja, nayo imekuwa mfereji wa kimo cha goti. Ng'ombe wakifuata njia hiyo hiyo masika mawili, itakuwa korongo. Yatosha kuipindisha njia ikate mteremko kwa ubavu, na kupanda majani kingoni. Ambaye aona hili ni jambo dogo na asimame ufuoni Malindi mvua za bara zinaponyesha, aitazame bahari igeukapo rangi ya chai. Huo ni udongo wa mashamba na malisho ya juu, ulioletwa na Sabaki. Wataalamu waliopima tumbawe la kale la Malindi, ambalo limekua kwa muda wa miaka 300 hivi, walisoma ndani yake kwamba udongo uliokuwa ukishuka ulikuwa karibu kiasi kile kile kwa muda mrefu, kisha ukaongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, nchi ya juu ilipolimwa na kuchungwa kwa namna mpya. Tumbawe liliandika kila mwaka, na samaki wetu ndio walioishi katika maandishi hayo.

Liko jambo lingine ambalo si la udongo, lakini lilitushughulisha kuliko udongo. Huku kwetu, mwenye mnazi si lazima awe mwenye ardhi. Mtu aweza kurithi minazi sita katika shamba ambalo si lake, au kuwekewa rehani minazi bila ardhi. Wengine wamekaa juu ya ardhi vizazi vitatu na hati iko kwa mtu wa mbali. Tulipouliza katika shamba la kwanza majani ya chini ya minazi ni ya nani, tulipata majibu matatu kutoka kwa ndugu watatu wa baba mmoja. Aliye na minazi alisema ng'ombe watamrutubishia miti, waingie bure. Aliye na sehemu ya ardhi alitaka kodi. Wa tatu, ambaye ni mdogo, alisema majani yaliyoota yenyewe hayana mwenyewe. Huyu alikuwa na hoja, kwa kuwa dini yetu imeyaweka malisho ya porini miongoni mwa vitu vya ushirika. Lakini shamba la mirathi lenye mipaka si pori, na ugomvi wa ndugu haufai kujengewa zizi juu yake. Tuliwashauri kina mama waandikiane mkataba na wote watatu, mbele ya mashahidi, utaje majani, maji, samadi, na fidia ya mche wa mnazi utakaoliwa. Msicheke kwa kutaja samadi. Mwaka wa kwanza haina thamani. Mwaka wa pili kila mtu aitaka.

Na kwa kuwa tumeulizwa zaidi ya mara moja, twaongeza kwamba hata zaka huangalia jinsi mnyama anavyokula. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, zaka ya ng'ombe huanza wafikapo 30, nao wawe ni wa kuchungwa katika malisho ya mubaha kwa mwaka, si wa kulishwa kwa gharama zizini. Ng'ombe wawili wa kikundi hawajafika huko. Lakini wenye makundi upande wa Ganze na Magarini na wamuulize sheikh wao, maana wengi huhesabu vibaya.

Turudi kwenye swali la kwanza, la aina ya ng'ombe, ambalo sasa ni jepesi. Katika joto na unyevu wetu, ng'ombe wa kizungu asiyechanganywa huteseka. Mchanganyiko wa Sahiwal, ng'ombe mwekundu wa asili ya Punjab, na Ayrshire umefugwa miaka mingi katika mashamba ya mkonge ya Kilifi, na umeonyesha kwamba waweza kutoa maziwa na bado ukastahimili. Mwenye majani machache na achukue mwenye mwili mdogo, kama mchanganyiko wa Jersey.

Kina mama wetu wa Takaungu walikutana Ijumaa iliyopita, nasi tulialikwa. Wawili walikasirika, na hatuwalaumu. Miaka miwili ya kujinyima ni mingi, nao walitarajia kuona ng'ombe kabla ya Ramadhani. Baada ya maneno mengi wameamua kuanza na ng'ombe mmoja badala ya wawili. Zizi litajengwa kwenye mchanga wa shamba la pili, lililo katikati, penye upepo, na rundo la samadi limekwisha kuondolewa chini ya minazi. Kichaka cha bondeni kitafyekwa upande unaotazama malisho, na nepia ipandwe kwenye kingo za juu za bonde, pasipotuama maji, mvua za masika zikianza. Katika masika ng'ombe atafungwa kwa zamu chini ya minazi ya babu, mradi maji yapatikane; katika kaskazi atakatiwa majani ya bondeni. Zamu ya kubeba imeandikwa kwa majina kumi na manne, na mama mkubwa amesisitiza kwamba wana wa kiume wa nyumba hizo nao waandikwe. Fedha za ng'ombe wa pili zimebaki katika sanduku, na ufunguo umekwenda nyumba nyingine, kama ilivyo ada yao.

Ng'ombe wa kwanza atanunuliwa, inshaallah, nepia ikifika kimo cha mita moja, na ataletwa akiwa amekwisha kuchanjwa. Kilichobaki ni maji. Mwenye kujua kisima kisichokuwa na chumvi karibu na shamba la matumbawe, au mwenye tangi kuukuu la kukingia maji ya mvua ambalo yuko radhi kuliuza kwa bei nafuu, na atuletee habari kabla ya Ijumaa ijayo, tutawafikishia wenyewe.